Korongo Aliyesimama Katikati

Wa kwanza kujua kwamba mto umekatika alikuwa Kambale. Alikuwa amelala chini ya gogo katika dimbwi la mwisho, akingoja maji ya alfajiri yampite mgongoni kama ilivyo ada, nayo hayakupita. Jua lilipochomoza Chura akashuka mbio na habari: mwamba wa Ng'iriama ulikuwa mkavu, na mjusi alikuwa amelala juu yake akiota jua.

Nieleze kwanza ni wapi, maana hekaya isiyo na mahali humpa kila mtu nafasi ya kusema haimhusu. Bonde la Usangu liko kusini-magharibi mwa Tanzania, chini ya milima ya Poroto na Kipengere. Mito midogo hushuka kutoka milimani, hukutana bondeni na kutuama katika kinamasi kiitwacho Ihefu. Maji yanayosalia huvuka mwamba wa Ng'iriama na kuwa Ruaha Mkuu. Mto huo hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hujaza bwawa la Mtera, huteremka hadi Kidatu, na njiani huzungusha mitambo inayowasha taa za watu ambao hawajawahi kufika Usangu. Tangu mwaka 1993 mto umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakibanana matopeni na samaki wakifa. Hayo ni kweli. Yatakayofuata ni hekaya, lakini sikuitunga mbali na ukweli huo.

Wanyama wakakutana chini ya mkuyu. Mzee Kiboko, mwenye dimbwi kubwa la juu, ndiye aliyefungua kikao.

"Jamani, tusizungushe maneno. Mnaona wenyewe. Nyati wamekuja juzi kutoka kaskazini, kundi baada ya kundi. Wanakunywa asubuhi, wanakunywa jioni, kwato zao zimemaliza majani. Hao ndio walioumaliza mto."

Kambale akajibu kutoka kwenye kidimbwi cha pembeni. "Shikamoo Mzee. Nyati wanakunywa, sikatai. Lakini mwaka jana walikunywa vilevile na mto ukapita. Kilichoongezeka mwaka huu ni ule mfereji ulioanzia dimbwini kwako na kwenda kwenye majani yako."

"Ule si mfereji, ni njia yangu ya kwenda malishoni. Maji yakinifuata, mimi niliyaita?"

Hapa Kiboko alisema kweli nusu. Viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na wakipita njia ile ile miaka na miaka, miili yao huichimba mpaka inakuwa mfereji na maji yanaifuata. Kila mwenye nguvu anayo njia ya namna hiyo. Huipita kwa haja zake tu, na riziki ya wengine inateremka nyuma yake.

Akatafutwa mwamuzi. Mamba akajitolea, wakamkataa: kesi ya nyani hakimu ngedere, na Mamba alikuwa akilala bure kwa Kiboko. Simba hakuna aliyethubutu kumtaja. Ndipo mtu akasema, "Korongo je? Hana dimbwi, hana malisho, hana kundi. Anatuona wote kutoka juu."

Korongo akasimama kwa mguu mmoja na kukunjua shingo. "Nitakubali kwa sharti moja," alisema. "Asiniite mtu pembeni. Mimi sina upande. Sina rafiki bondeni hapa wala adui, na atakayenishinikiza nitaondoka."

Wanyama wakashangilia, na Kambale akashangilia kuliko wote. Alikuwa na sababu. Mnyonge humhitaji mwamuzi asiye na upendeleo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu mwenye nguvu hujitosheleza bila mwamuzi. Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema kutopendelea ni unafiki mtupu. Wajumbe wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa huingia katika magereza ya pande zote mbili za vita kwa sababu hawakumshikia bunduki yeyote. Daktari humshona askari wa adui kama anavyomshona wa kwao. Huko ni kutopendelea kunakofanya kazi: kuna mlango kunaoufungua, na mfungwa aliyeko ndani anaona mwanga. Kambale alidhani anapata mwamuzi wa namna hiyo.

Shauri likasikilizwa kwenye dimbwi la Kiboko, kwa kuwa huko ndiko kulikobaki kivuli. Korongo akachomeka kijiti ardhini na kuweka alama mbili sawasawa, ili kila upande uzungumze mpaka kivuli cha kijiti kifike kwenye alama yake. Kiboko akaanza. Alizungumza akiwa ndani ya maji, masikio na pua tu vikionekana, akizama kila koo lilipokauka na kuibuka tena na hoja mpya. Akaeleza asili ya ukoo wake, akaeleza faida ya mbolea anayoimwaga mtoni, akaeleza tabia za Nyati moja baada ya nyingine. Kivuli kikafika kwenye alama.

Ikawa zamu ya Kambale. Kambale hujikokota nchi kavu na kupumua hewa kwa kitambo, na usiku ule alikuwa ametambaa kutoka dimbwi la mwisho akisaidiwa na umande. Sasa ilikuwa saa sita mchana. Ute wa ngozi yake ulikuwa umekauka na kupasuka, mchanga umemganda tumboni, ndevu zake zimelala chini. Akasema, "Maji yanaishia kwenye mfereji, njooni muone..." Sauti ikakatika. Akafunua mdomo, akaufunga, akaufunua tena.

"Mheshimiwa," Chura akaomba, "mmwagieni maji kidogo apate kusema."

Korongo akatikisa kichwa, na alisikitika kwa dhati. "Nikimmwagia maji Kambale, Mzee Kiboko atasema nimependelea." Kisha akamwinamia Kambale. "Muda wako bado upo, ndugu. Utumie."

Kivuli kikasogea taratibu, na hakuna aliyesema neno mpaka kikagusa alama ya pili. Korongo akaandika: pande zote mbili zimepewa muda sawa, upande wa kwanza umeutumia wote, upande wa pili haukuwa na la kuongeza.

Siku ya pili alikwenda kupima maji. Alikuwa mpimaji hodari na kijiti chake kilikuwa sahihi, sina la kumlaumu hapo. Akapima dimbwi la Kiboko, maji yakamfika gotini. Akapima dimbwi la kati, yakamfika kwenye kifundo. Alipofika dimbwi la mwisho akakuta udongo uliopasuka na watoto wa Kambale wakijigaragaza matopeni. Akasimama hapo kitambo, kijiti mkononi, kisha akageuka. "Pasipo na maji hapana cha kupima," alisema, na dimbwi lile hakuliandika popote. Taarifa yake ikaonyesha kwamba kila dimbwi lililopimwa lilikuwa na maji.

Hukumu ikatoka jioni. Kiboko anasema mfereji hauchukui kitu. Kambale anasema unachukua yote. Basi ukweli uko katikati, na mfereji utaruhusiwa kuchukua nusu. Kuhusu Nyati, pande zote mbili zimekubali kwamba wanakunywa maji mengi. Kwa hiyo Nyati waondoke. Nyati hawakuwahi kuitwa kuhojiwa, kwa kuwa wao hawakuwa upande katika shauri.

Nani kati yetu hajaiona hukumu hiyo nyumbani? Mwanamke anakuja kwa wazee na jicho limevimba, mume yuko pembeni na mikono yake mizima. Mzee wa ukoo anasikiliza mmoja, anasikiliza mwingine, anakohoa, anasema: "Nyote mmekosea. Mambo haya yamalizeni ndani, yaishe." Anarudi kwake akiamini ametenda haki kwa sababu lawama ameigawa nusu kwa nusu. Mwanamke anarudi kwenye nyumba ile ile, na sasa mume anajua hata wazee hawatasema kitu.

Na Nyati waliondolewa kweli, kama wafugaji wa Usangu walivyoondolewa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliyafuatilia maji ya Usangu, mto kwa mto na mfereji kwa mfereji, wakakuta kwamba maji ya kiangazi yalikuwa yakiishia kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga zaidi kuliko kwenye matumbo ya ng'ombe. Lawama hata hivyo iliendelea kuwaangukia wafugaji. Mwaka 2006 na 2007 wakahamishwa pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mto ukaendelea kukatika. Simlaumu mkulima mdogo wa Usangu, naye ana watoto wa kulisha na mpunga wake tunaula sisi. Nasema tu kwamba kipimo kilikuwapo, na aliyeadhibiwa ni yule ambaye kipimo hakikumlenga zaidi.

Mwaka uliofuata Kiboko akapasua mfereji wa pili. Alipoitwa barazani akadai maji yote, pamoja na umande wa dimbwi la chini. Kambale, ambaye sauti yake ilikuwa imerudi kidogo, akaomba ile nusu aliyoahidiwa. Korongo akatafakari usiku kucha na kutoa hukumu: kati ya yote na nusu, katikati ni robo tatu. Kiboko achukue robo tatu.

Bibi Kobe, aliyekuwa amekaa kimya vikao vyote, akajongea taratibu mpaka mbele ya Korongo.

"Mjukuu wangu, mwaka jana katikati palikuwa wapi?"

"Kwenye nusu, Bibi."

"Na mwaka huu?"

"Kwenye robo tatu."

"Na mwakani Kiboko akidai na mto wa milimani, patakuwa wapi?"

Korongo hakujibu.

"Kila mwaka unatuambia umesimama pale pale," Bibi Kobe akaendelea, "na kila mwaka pale pale panapanda kuelekea kwenye dimbwi la Kiboko. Yeye amekwisha kuelewa. Akitaka akupeleke mahali, haji kukusukuma. Anavuta ncha yake tu, nawe unamfuata ukihesabu hatua."

"Bibi, nikisema Kiboko amekosa, nitakuwa nimechukua upande."

"Utakuwa umesema kilichotokea."

Nchi yetu iliwahi kuijua tofauti hiyo na kulipa gharama yake. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa katika nchi zisizofungamana na upande wowote, na ilikataa kuchaguliwa maadui na wakubwa wa Magharibi au wa Mashariki. Lakini Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilipoundwa mwaka 1963, makao yake yalikuwa Dar es Salaam, na wapigania uhuru wa Msumbiji na Afrika Kusini walipata kwetu mahali pa kulala na kujipanga. Novemba 1965 Ian Smith alipotangaza uhuru wa Wazungu wachache huko Rhodesia na Uingereza ikashindwa kumzuia, Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza mwezi uliofuata. Tukakosa mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao tuliuhitaji sana. Hatukuwa tumeacha kutofungamana. Tulikuwa tumekataa kuamuliwa na mkubwa yeyote, na hivyo tuliweza kutazama shauri la Rhodesia kwa macho yetu wenyewe na kusema nani anamkandamiza nani. Ninaisoma historia hiyo kwa fahari, na ningependa watoto wetu waisome hivyo hivyo.

Turudi mtoni. Kiangazi cha pili kilikuwa kikali kuliko cha kwanza. Tai na korongo wa mbali wakaanza kuzunguka juu ya dimbwi la mwisho. Watoto wa Kambale wakamwita Korongo mwenye kijiti: "Mheshimiwa, hao wanauogopa mdomo wako. Simama tu hapa kati yetu na wao mpaka giza liingie." Korongo akawaambia kwamba ametumwa kupima, hakutumwa kulinda. Akaandika idadi yao, akakunjua mbawa, akaondoka.

Hapa lugha ya wanyama hainitoshi tena. Tarehe 11 Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, huko Kicukiro mjini Kigali, zaidi ya watu 2,000 walikuwa wamekimbilia katika shule ya ufundi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Wauaji walikuwa wakingoja nje ya uzio wakiwa na mapanga. Askari wakapewa amri ya kuondoka, wakaondoka, na wengi wa waliobaki wakauawa siku hiyo hiyo. Siku kumi baadaye Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 912, likapunguza kikosi chake Rwanda hadi watu wapatao 270 na kukipa kazi ya kuwa mpatanishi baina ya pande mbili ili zisimamishe mapigano. Pande mbili! Mtu aliyejificha darini na mtoto mgongoni alikuwa upande gani? Vita kati ya majeshi ilikuwapo, ni kweli, lakini waliokuwa wakichinjwa majumbani na makanisani hawakuwa jeshi, na hapakuwa na katikati ya kusimama kati yao na panga.

Msimu ule Kambale alipoteza zaidi ya nusu ya ukoo wake.

Aliyebadili mambo ni Yangeyange, yule ndege mweupe anayetembea na Nyati na kuokota wadudu wanaofumuliwa na kwato zao. Alikuwa kijana bado. Kwenye baraza la tatu akasimama akaomba apime upya. Korongo akapinga papo hapo.

"Huyu ana upande. Nyati ndio wanaomlisha."

"Kweli, Mheshimiwa," Yangeyange akajibu. "Nimeshiba kwa Nyati tangu nilipotoka kwenye yai, na nimewafuata huko walikofukuziwa. Ndiyo maana siombi kwenda peke yangu. Twende na Chura, twende na mtoto wa Mzee Kiboko. Kila mmoja awe na kijiti chake, tupime mahali pale pale saa ile ile, jioni tulinganishe."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza bila ukali wowote: "Na wewe Mheshimiwa, kiangazi unakula nini?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza Korongo. Chura ndiye aliyejibu. "Anakula watoto wa Kambale. Dimbwi likikauka hawana pa kukimbilia, anawaokota matopeni bila hata kulowa miguu."

Nataka niwe mwadilifu kwa Korongo. Siamini kwamba alikuwa mwongo, wala kwamba alipanga jambo lolote. Alijihisi hana upande kwa sababu mambo yalivyokuwa hayakumuumiza popote. Aliruka juu ya bonde, akaona dimbwi moja limejaa na lingine limekauka, na kwake yote mawili yalikuwa mahali pa kupata chakula. Mtu wa namna hiyo utamkuta chuoni akiandika, utamkuta redioni akiongoza mjadala, utamkuta msikitini na kanisani. Ni mpole, ni msomi, anaheshimika. Hajawahi kuketi ajiulize ni nani anayelipa gharama ya utulivu wake.

Basi wakaenda watatu, kwa miguu, kutoka milimani hadi dimbwi la mwisho. Juu ya mfereji maji yaliwafika magotini; chini ya mfereji vijiti vyote vitatu vilitoka vikavu. Mtoto wa Kiboko akakirudisha chake mara ya pili, kikatoka kikavu tena, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Andika sifuri." Dimbwi la mwisho nalo likaandikwa sifuri, likahesabiwa pamoja na mengine. Walipofika kwenye kivuko cha zamani cha Nyati, Yangeyange akakagua kingo, akaona zimeporomoka na udongo umeziba chemchemi. Akaandika hilo pia, kwa mkono wake, kwamba kosa la hapo ni la Nyati na hakuna mwingine wa kulaumiwa. Nyati walimnunia mwezi mzima.

Baraza likaamua mfereji wa pili ufukiwe kabisa, na wa kwanza uzibwe kila kiangazi mpaka mvua zinyeshe. Nyati wakaruhusiwa kurudi, kwa sharti watumie kivuko cha mawe. Kiboko alilalamika sana, na mpaka leo hulalamika, lakini mwanawe alikuwa shahidi na alikataa kubadili maneno. Mwaka wa kwanza maji yalifika dimbwi la mwisho yakiwa na kina cha kidole kimoja. Kambale alilala ndani yake ubavu ubavu, mgongo nje, na akaishi.

Nawe msomaji, iwapo kesho utaitwa kusuluhisha, iwe ni ugomvi wa mpaka wa shamba, ndoa ya mdogo wako, mgomo kazini au taarifa unayotakiwa kuandika, nakuomba usiharakishe kuitafuta katikati. Omba kwanza upelekwe kwa yule aliyeshindwa kufika barazani. Waambie wote wazi ni nani anayekulisha. Kisha andika ulichokiona, hata kama aliyekulisha atanuna.